Kicheko cha Bi Chiriku

Jambo la mwisho la kawaida kabla ya msiba lilikuwa ugomvi. Chiriku na mkewe walikuwa wakiimba wimbo wao kwenye harusi ya watu, Kasuku akawa anawarekodi kwa simu.

"Zima, mwizi we!" Chiriku akafoka. "Ukishaurusha mtandaoni, nani tena atakuja kututunza mtama?"

Mkewe akacheka katikati ya ubeti. "Mwache, mume wangu. Ndiye pekee anayetusikiliza. Wenzake wanatazama pilau."

Wiki ile mkewe akaugua, akafa. Chiriku, aliyekataza kurekodiwa maisha yake yote, hakubaki na sauti ya mkewe popote. Akaenda kwa Kasuku.

"Ule wimbo nimeshaufuta mtandaoni, bwana," Kasuku akajitetea hata kabla ya salamu. "Usinishtaki."

"Na kwenye simu?"

"Kwenye simu upo. Ila umeharibika. Makelele yako yameingia, na mama anacheka. Nikuondolee?"

"Usiguse kitu," Chiriku akasema.

Wakausikiliza pamoja mpaka jua likatua, kisha Kasuku akamtumia wimbo huo.

Asubuhi yake Chiriku akaurusha mtandaoni mwenyewe, kwa jina la mkewe, pamoja na makelele na kicheko. Chini yake akaandika: "Chukueni, mpeane."