Safari ya Kusukwa

Hivi basi lako limewahi kukuuliza unakwenda kufanya nini? Mabasi ya mjini kwetu huuliza, na jambo likiweza kumalizwa kwa simu au mtaani kwako, mlango haufunguki.

Jana nilisimama kituoni na chanuo langu na kichupa cha mafuta ya nazi, nakwenda kwa mdogo wangu Sikudhani.

"Shikamoo, bibi," basi likasema. "Huyo Sikudhani umeongea naye kwa simu asubuhi."

"Nakwenda anisuke."

"Msusi yupo jirani yako. Kapumzike."

Likaondoka na viti vitupu. Ndipo nikasema, peke yangu pale kituoni: "Sitaki msusi mimi. Nataka kukaa katikati ya magoti ya mdogo wangu, anivute nywele huku akiwasengenya majirani zake."