Fundi Giza na Taa ya Bingwa

"Usizime!" mama mwenye nyumba alipiga kelele, na fundi akaganda mkono ukiwa hewani.

Hakuwa amegusa kitu. Alikuwa anajikuna sikio tu.

Mbele yake, pale sebuleni, ilisimama mashine ya gemu ya zamani, ndefu kama kabati la nguo, ya aina ile inayochezwa kwa kusimama. Juu kabisa palikuwa na kioo chenye jina la mchezo na roketi mbili zilizochujuka rangi. Nyuma ya kioo hicho taa ya tyubu ilikuwa inapepesa, inazima, inapepesa tena. Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha hiyo tyubu. Dakika kumi, kwa fundi mwingine.

Huyu mtaa mzima ulimwita Giza. Aliwahi kufunga kengele ya mlango, jengo zima likakosa umeme siku mbili. Aliwahi kubadilisha balbu moja saluni, mashine zote za kukaushia nywele zikalala, na bibi harusi akatoka na kichwa kinachotiririka maji. Watu wakimwona na begi lake walikimbilia kuchaji simu. Kwa hiyo mama huyu alipompigia na kumwambia, "Nakutaka wewe, si mwingine," aliruka kwa furaha akagonga kichwa kwenye rafu. Leo, alijiapia, jina la Giza linazikwa.

"Namba yako nimepewa na mdogo wangu, yule wa saluni," mama alisema.

Giza nusura alie. Kumbe alishasamehewa!

"Sasa sikiliza, fundi. Hii mashine ukiizima, alama zote zinafutika. Mzee wangu aliiunga na betri mbili za gari ili umeme ukikatika isizimike. Mwaka wa tisa huu haijazima. Na mimi nilimwapia kwamba huu waya unaotoka kwenye betri kuja kwenye mashine sitauchomoa kwa mkono wangu, wala sitamtuma mtu auchomoe."

Giza alitazama skrini. Mstari wa kwanza: MZE, 98,740. Wa pili: MKE, 98,730. Mume na mke, kati yao alama kumi tu.

"Pole sana, mama. Naona bado yumo moyoni."

"Atatokaje? Kila asubuhi nikishika kikombe cha chai, nasikia sauti yake ikizitaja. Tisini na nane elfu, mia saba na arobaini." Mama alifumba macho. "Kila asubuhi, mwanangu."

"Na hii taa?"

"Aliitaka iwake. Alisema bingwa hakai gizani."

Giza akavuta pumzi. Sasa haikuwa tena habari ya jina lake peke yake.

Mama alimletea kandambili. "Vaa hizi za mzee. Mpira wake mnene, umeme haupiti." Zilimzidi kwa vidole vitatu, akawa anatembea kama bata. Waya wa mashine ulikatiza katikati ya chumba chini ya mkeka. Mama akauondoa mkeka, ati fundi asije akateleza. Giza aliweka kigoda karibu na ukuta. Mama akakivuta hadi kando ya waya.

"Hapa unaona vizuri. Mguu mmoja unacheza kidogo, lakini wewe si mwepesi?"

Giza alikunja gazeti mara nne, akalisokomeza chini ya ule mguu. Kigoda kikatulia.

"Una akili, mwanangu," mama alisema kwa sauti ndogo.

Akapanda. Akafungua skrubu nne za kioo na kuzibana midomoni. Hapo hapo mama akaanza kumsimulia kisa cha mjomba wake, mtu mwenye tumbo kubwa, aliyeingia kwenye pipa kutafuta funguo, akakwama, na funguo zikawa mfukoni. Giza akacheka kwa pua. Kigoda kikayumba. Kandambili ikachomoka mguuni, ikaanguka pu juu ya waya, na skrini ikafumba jicho.

"Uuuwi!" walipiga kelele wote wawili, Giza akizidaka skrubu kiganjani.

Skrini ikafumbua. MZE, 98,740.

"Nusura!" Giza alihema.

"Nusura," mama aliitikia, akiwa ameshika kifua.

Giza hakucheka tena. Alitoa stata, kile kidude cha kuiwashia tyubu, akazungusha tyubu taratibu, akaichomoa, akafuta vumbi la miaka, akapachika tyubu mpya, kisha stata mpya, akarudishia kioo na skrubu zake. Kitu kikafanya tik. Halafu mwanga mweupe ukatulia nyuma ya kioo, na zile roketi zikawa nyekundu kana kwamba zimepakwa rangi leo.

Alishuka kwa kuruka, akacheza peku sebule nzima, machozi yanamtoka. "Imewaka! Mama, imewaka na haijazima!"

"Imewaka," mama alisema, akakaa kitini polepole. Giza alimwelewa. Furaha nayo huchosha.

Mlango ukafunguliwa. Mzee mwenye upara aliingia na mfuko wa mikate, akaitazama mashine, mfuko ukamdondoka.

"Taa yangu! Nani kaniwashia taa yangu?"

Bisibisi ikamtoka Giza mkononi. "Mama... huyu..."

"Mzee wangu," mama alisema. "Alikwenda dukani."

Mzee alikibusu kioo. Akazisoma alama kwa sauti, moja baada ya nyingine, kisha akamwinua fundi juujuu. "Wewe si Giza! Kuanzia leo ni Fundi Nuru, na nitautangazia mtaa mzima!" Wakashikana mikono, wakaizunguka mashine wakicheka na kuimba.

Mama alijifungia jikoni, akampigia simu mdogo wake wa saluni.

"Umeniangusha," alinong'ona. "Hivi hakuna mwingine mbovu zaidi ya huyu?"