Bangili ya Riziki

Kiingereza ninakijua kuliko mwalimu yeyote wa wilaya hii. Nilikisoma mpaka darasa la saba, na maneno yote manne bado ninayo.

Siku hizi mtihani wa somo hilo hauandikwi. Mtoto anavishwa bangili inayosoma moyo, anaonyeshwa filamu ya Kiingereza, na asipoipenda amefeli. Mjukuu wangu Riziki ameitazama filamu yao mara tatu, na mara zote bangili imewaka nyekundu, yaani moyo umekataa. Ikiwaka mara ya nne, anafukuzwa shule.

Filamu yenyewe ni ya bibi kizee anayetupwa na wanawe kwenye makao ya wazee. Analia getini, wao wanarudi nyumbani wakicheka. Eti kichekesho!

"Ukiitazama, wewe fikiria biriani," nikamshauri.

"Nilifikiria, Bibi. Yule bibi alipolia, biriani yote ikanichachia."

Nikaenda shuleni damu ikinichemka. Mwalimu wake wa Kiingereza, Kibwe, akanipa kiti, nikakikataa.

"Mtoto kumhurumia mzee ndilo kosa lake?"

"Bibi, ile ni filamu nzuri sana. Tunawafundisha kupenda kilicho kizuri."

"Wewe unaipenda?"

"Mimi? Kila nikiitazama nacheka mpaka mbavu zinauma!"

Walimu nao huvaa bangili. Kwa kuitaja tu filamu, yake ikawaka nyekundu kama kaa la moto. Akaushusha haraka mkono wa shati, lakini mwanga ukapenya kitambaa.

"Kumbe! Na wewe umefeli mara ngapi?"

Akatazama nje, upande wa ofisi ya mkuu wa shule.

"Bibi, nakuomba ufunge mlango."