Swali la Tatu

"Mama Shimwa, mutu anaangukaka namna gani Kiswahili, na ni luga alizaliwa nayo?"

Jirani yake Gisèle alimuuliza Fébronie hivyo mwaka jana, mbele ya watu, kwenye foleni ya maji. Hakuwa na nia mbaya. Lakini swali lile lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki, na leo, alipokuwa akishuka kwenye pikipiki pale Nyamitanga, kwenye kituo cha mtihani, vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale likiwa bado kwenye nyusi zake, alilisikia upya.

Miaka tisa alifundisha huko Uvira. Diploma yake iliungua pamoja na nyumba. Hapa Uganda alianza tena, akawa mwanafunzi wa ualimu pamoja na vijana wa umri wa mwanawe, na masomo mengine yote aliyapita. Kilibaki Kiswahili. Alikwisha kuanguka mara mbili, na barua ya wizara ilisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho.

Barua hiyo hiyo ilisema kwamba kuanzia Januari hakuna atakayeshika kazi yoyote ya ualimu, iwe kufundisha au kutahini, bila leseni, hata awe na miaka thelathini kazini. Na leseni haitoki bila mtihani wa somo. Fébronie aliisoma mpaka mikunjo yake ikachanika. Kule Nakivale alikuwa na watoto mia moja na kumi na nane wa darasa la kwanza. Angewaachia nani?

Asubuhi ilikuwa zamu ya maandishi, mchana mdomo. Mdomo ndio uliokuwa ukimwangusha. Na mlangoni palibandikwa jina la mtahini mpya wa mdomo: Mwalimu Kamaldin. Wenzake walilisoma wakatazamana. Mmoja alisema mzee huyo hana huruma na Wakongomani, ukitamka "fasi" badala ya "mahali" umekwisha. Fébronie akaenda nyuma ya jengo, akarudi, akaenda tena. Mahali, alijiambia. Mahali, mahali. Katikati akaingiza Baba Yetu, kisha mahali tena.

Ukumbini alikaa karibu na ukuta. Wakati karatasi zikigawiwa aliingia mwanamume wa makamo, kofia ya kufuma imeshuka mpaka kwenye nyusi, koti limechakaa kwenye viwiko. Aliketi dawati la pembeni yake bila kumtazama mtu.

Maswali mawili ya kwanza yalikwenda. La tatu lilimfanya Fébronie nusura atabasamu: eleza jinsi utakavyomwanzisha mtoto kusoma, darasani pasipo na kitabu hata kimoja. Akainama akaandika bila kupumzika.

Alipoinua kichwa, yule bwana alikuwa akitokwa jasho. Chini ya swali la tatu hakuwa ameandika kitu. Macho yake yalikuwa juu ya karatasi ya Fébronie.

Fébronie aliulaza mkono wa kushoto juu ya maandishi yake, kama alivyowafundisha watoto wanaobanana watano benchi moja. Yule bwana akashusha pumzi. Hakutazama tena, wala hakuandika tena.

Saa ya chakula moyo ulimsumbua. Kuficha kazi yako si dhambi, lakini uso wa mtu yule haukumtoka. Akamkuta amejitenga kwenye ngazi, akamkaribisha nusu ya muhogo wake wa kuchemsha na karanga. Bwana akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio, hata Fébronie akashangaa kilichomtoa jasho.

Akamtia moyo kwamba mchana huenda ukawa mwepesi zaidi. Akamuuliza kama naye anamwogopa huyo Kamaldin.

"Leo kuliko wewe, mama," alisema, akitazama karanga mkononi. "Ninyi mtaingia na kutoka. Mimi nitakuwa naye mpaka jioni."

Fébronie alimhurumia. Masikini, alifikiri, amepewa namba ya mwisho.

Mchana waliketi kwenye benchi la korido. Fébronie alisimama, akaketi, akasimama. Alimtafuta yule bwana asimwone, akadhani amekata tamaa akarudi kwao. Msimamizi akaita namba ya Fébronie kabla ya zote. Mahali, alijiambia mara ya mwisho, akasukuma mlango.

Chumbani palikuwa na meza, viti viwili, na fomu moja yenye jina lake. Mtahini alikuwa ameinama. Fébronie alisalimu, akaketi, macho yake chini, akingoja.

Kisha sauti ikauliza, polepole, jinsi atakavyomwanzisha mtoto kusoma, darasani pasipo na kitabu hata kimoja.

Fébronie aliinua macho.

Kofia ya kufuma ilikuwa juu ya meza. Kando yake kulikuwa na ganda la karanga.

Lakini swali limeulizwa, naye alikuwa mwalimu.

"Naanza na jina lake mwenyewe," alisema. "Naliandika kwa makaa kwenye bati. Hilo mtoto analipenda, hatalisahau. Halafu namwambia atafute kipande cha jina lake ndani ya jina la mwenzake. Siku ya tatu wanasomana majina darasa zima. Kitabu hakina fasi hapo."

Alilisikia neno likimtoka, akafumba macho.

Alipoyafumbua, Mwalimu Kamaldin alikuwa ameacha kumtazama yeye, anaandika. Aliandika kwenye daftari lake mwenyewe alichosema Fébronie, neno kwa neno, "fasi" ikiwemo. Kisha akavuta fomu, akajaza, akatia sahihi, akaigeuza upande wa Fébronie. *Amefaulu.*

Alichukua kofia yake, akafungua mlango, akawaambia watu kumi na mmoja waliokuwa bado kwenye benchi wangoje mtahini anayeweza kujibu swali la tatu, akatoka nje ya lango.