Kiti cha Mgeni

Nesi Zaituni, aliyemtembelea Bi Salume nyumbani kwake, alipomaliza kumfunga bandeji mpya tumboni, kwenye kidonda cha upasuaji kilichogoma kupona, alianza kumuuliza maswali ya fomu ya hospitali.

"Maumivu yakoje, bibi?"

"Alhamdulillahi."

"Usingizi unakuja?"

"Tunashukuru."

"Na watu, wanakuja kukuona?"

"Wanakuja. Majirani zangu hawana neno."

Zaituni akatazama kiti cha mgeni. Kilikuwa kimewekwa mlangoni kabisa, na kati yake na kitanda chetezo kilifuka udi mzito. Juu ya kiti palikuwa na vumbi.

Hakuandika jibu. Alikipangusa kiti kwa kiganja, akakivuta mpaka kitandani, akaketi, magoti yake yakagusa godoro.

"Hapo utasikia harufu ya kidonda, mwanangu."

"Naisikia, bibi," alisema Zaituni, na hakusogea.

Wakakaa hivyo wakiongea hadi udi ukazimika wenyewe.

Alipoaga, Zaituni alikishika kiti akirudishe mlangoni.

"Kiache hapo hapo," alisema Bi Salume.

Nesi alipokwisha kutoka, Bi Salume aliuweka mkono juu ya kile kiti, pale palipokuwa bado na joto.