Mlango wa Fuko

Enzi wanyama walipopangishana mashimo, Fuko fundi alipima kila mlango kwa mabega yake mwenyewe. Kanga, aliyetumwa kuwauliza wapangaji, akaleta ripoti: "Saba kati ya kumi hawaridhiki na milango." Fuko akapiga miayo, akaendelea kuchimba.

Kesho yake Kanga akasimama mbele ya mafundi wote. "Mvua ya juzi, Nungunungu aliwasukuma wanawe ndani ya shimo. Yeye miiba ikakwama mlangoni..."

"Hadithi kawasimulie watoto!" Fuko akafoka. "Mimi nataka ripoti."

"Ripoti nilileta, ukapiga miayo. Leo utanisikiliza. Nungunungu akabaki nje analoa, akiwaimbia wanawe wasiogope."

Fuko akatupa jembe. "Nani alichimba shimo la hovyo namna hiyo?"

"Wewe," Kanga akasema. "Na mama huyo ni mmoja wa wale saba."