Bani la Shemeji

Shemeji aliosha miguu kabla ya kuingia bani.

Mwenyekiti alimwona kwa macho yake mawili, kupitia ua wa miti uliotenganisha viwanja vyao. Alijimwagia maji ya sabuni, akafuta nyayo kwa kitambaa, ndipo akafungua kufuli, akapenya na kujifungia. Mtu ambaye huingia kwa mama yake mzazi na matope mpaka magotini! Mwenyekiti alisonya hadi kuku wakageuka.

Bani lile, chumba kirefu cha udongo chenye paa la nyasi, lilijengwa na marehemu mume wa Mwenyekiti pamoja na huyo mdogo wake. Kwa miaka ishirini hakikukaushwa humo kitu kingine ila tumbaku. Sasa kijiji kizima kilikuwa kimeing'oa. Kaya arobaini na tatu zilisubiri ruzuku ya kuanzia maisha mapya: mbegu za alizeti, pampu ya maji, na mashine ya kukamua mafuta. Sharti lilikuwa moja, nalo halikuwa na mzaha: ikikutwa tumbaku kwenye kaya moja tu, iwe kwenye orodha au la, kijiji chote kinafutwa. Samaki mmoja akioza, ndiyo hayo. Na wakifutwa, mashamba yalikuwa meupe tayari, na msimu ujao watu wangelala njaa.

Shemeji peke yake ndiye aliyekataa alizeti. Mkutanoni alisimama akasema ataacha tumbaku kwa njia yake.

"Njia ipi?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Ya kwangu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye Mwenyekiti akalikata jina lake kwenye orodha mbele ya kadamnasi. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa kukohoa.

Kisha yakaanza mambo. Madirisha ya bani yalizibwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Kila alfajiri shemeji aliingiza ndoo nne za maji, akatoka nazo tupu. Mkulima wa tumbaku hahitaji kuelezwa. Jani lililokauka huvunjika ukiligusa tu, kwa hiyo kabla ya kulifunga robota hulainishwa kwanza kwa unyevu, gizani. Na mabua makavu ya mahindi aliyoyaingiza, mkokoteni mzima? Ya kujaza katikati ya marobota, kuongeza uzito. Ilikuwa hila ya zamani, hata marehemu aliijua, Mungu amrehemu.

Jumatano Mwenyekiti alichoka kuchungulia, akaenda kuugonga mlango.

"Fungua, shemeji. Keshokutwa wakaguzi wa ruzuku wanakuja."

"Jumamosi nitafungua mwenyewe."

"Wanakuja Ijumaa!"

"Waje, wakaribie. Ila wewe ukiingia na hayo malapa yako utaniharibia mzigo."

"Mzigo! Umekiri kwa kinywa chako."

Mlango ukafunguka upana wa uso. "Mimi si ulinifuta? Mtu aliyefutwa hana la kueleza. Nenda kapalilie orodha yako."

"Kaka yako alikufa kwa moshi wa humu ndani," Mwenyekiti alisema. "Humu humu."

"Najua. Nilimtoa mimi, kwa mikono hii." Mlango ukafungwa.

"Mnagombania nini tena, wanangu?" aliuliza mama mkwe kutoka barazani kwake, hatua chache tu kutoka pale. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu siku nyingi, lakini ugomvi hakuna uliompita.

Ijumaa asubuhi shemeji alitoka na baiskeli, akipiga mluzi. Nyuma alikuwa amefunga kapu lililofunikwa kitambaa kibichi, akaelekea mjini.

"Sampuli hiyo," alisema katibu wa kamati. "Anampelekea mlanguzi. Mwenyekiti, huyu mtu anatutilia kitumbua chetu mchanga. Tuvunje mlango."

"Tukivunja, tutaona."

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Saa nane tunatia saini kiapo kwamba hakuna kati yetu aliyeona tumbaku kijijini. Mimi siapi uongo, na marobota hayo hatuna pa kuyaficha." Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti. "Nisipoiona, nitaapa. Na mpaka saa nane upepo utakuwa umeshaondoa harufu."

Katibu alitazama huku na huku. Wanakamati wengine wanne walitazama chini. Hakuna aliyesema ndiyo, na hakuna aliyemshika mkono.

Paa lilikuwa kavu, likashika kwa njiti ya kwanza. Watu walitoka majumbani mbio, na walipoona ni bani gani, wakapunguza mwendo. Wengine walipiga makofi. Walijiziba pua kwa nguo, maana moshi wa tumbaku walikuwa wanaujua: hukwaruza koo na kukaa kifuani siku tatu. Mwenyekiti alisimama mbele ya wote. Alisikia raha, na hakuona haya kuisikia. Alimkumbuka mumewe akihema usiku na mchana kama mtu apandaye mlima, akasema moyoni kwamba leo wamelipwa.

Paa lilibomokea ndani kwa kishindo. Kitu kibichi kililia chwaa motoni kwa muda mrefu, kisha moshi mzito ukafumka juu na kuwafunika.

Mwenyekiti alisubiri kukohoa. Hakukohoa. Wala hakuna mwingine aliyekohoa. Mmoja mmoja wakaanza kushusha nguo puani, wakitazamana. Katibu alimeza mate.

Barazani, mama mkwe aliinua uso akanusa.

"Jamani," akaita, "nani huyo anakaanga uyoga wote huo, asinionjeshe hata mimi?"